Malisho Kwanza, Kioo Baadaye: Historia ya TV Bongo kwa Mwenye Bajeti ya Ng'ombe Mmoja

Novemba 1993. Simba wako fainali ya Kombe la CAF, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mechi ya kwanza kule Abidjan imeisha 0-0, kwa hiyo nchi nzima inaamini kombe halitoki. Stella Abidjan wanashinda 2-0. Waliokuwa uwanjani waliona msiba kwa macho yao. Wengine wote walibaki na redio sikioni.

Na hapa kuna kitu vijana wa leo hawakiamini hata ukiwaapia: mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Hata kimoja.

Sasa ruka mpaka Mei 2025. Simba tena fainali, safari hii Kombe la Shirikisho, dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Ugenini wamefungwa 2-0, marudiano yanapigwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, yanaisha 1-1. Kombe limeondoka tena. Maumivu ni yaleyale, ila kuna kimoja kimebadilika. Safari hii mtu aliyeko Oloipiri, kule Loliondo wilayani Ngorongoro, akiwa na dishi na betri tu, angeweza kuumia laivu pamoja na wenzake wa Msimbazi.

Kati ya mechi hizo mbili ndiyo historia nzima ya TV Bara. Na ukiisoma vizuri utakuta kosa moja linajirudia: watu wananunua kioo, halafu ndiyo wanaanza kutafuta kitakachokilisha.

Ajabu ni kwamba mfugaji hawezi kufanya hivyo kwa ng'ombe. Hakuna anayeongeza mifugo kabla hajajua maji yako wapi na malisho yako wapi. Lakini mtu huyohuyo akiingia duka la TV Karatu au Arusha mjini, anauliza inchi na bei, basi. Akifika boma ndiyo anagundua kioo kina kiu.

Zanzibar waliwahi, Bara wakangoja

Kenya na Uganda zilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zanzibar ikaanza 1973, tena moja kwa moja na rangi, na ndiyo inayohesabiwa ya kwanza kurusha picha za rangi Afrika kusini mwa Sahara. Kwa kulinganisha tu, Afrika Kusini na utajiri wake wote ilianza kurusha televisheni 1976.

Bara ilikuwa kimya. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa ya wachache wa mjini wakati vijiji havina maji, shule wala zahanati. Unaweza kubisha au kukubali, lakini matokeo yake ni kwamba Taifa Stars walipokwenda Nigeria kwenye AFCON ya 1980, mara yao ya kwanza kabisa, watu wa Bara waliwafuata kwa redio. Goli likifungwa, kila mtu alikuwa analichora kichwani kwake kivyake.

Kwa mtu wa Loliondo hali ilikuwa na utani ndani yake. Mpaka wa Kenya uko pale jirani. Upande ule nchi ina televisheni, upande huu hamna, na ng'ombe wa pande zote wanakula nyasi za aina moja.

Pwani kulikuwa na wajanja. Mwenye TV yake Dar es Salaam aliinua antena juu ya mlingoti mrefu, akaielekeza baharini kunasa Zanzibar. Siku nyingine picha inakuja safi, siku nyingine chenga tupu. Hao ndio walimu wa kwanza wa somo hili. TV walikuwa nayo, matangazo walikuwa wanaomba kwa jirani.

Mwenye deki

Mwaka 1984 Serikali ilianza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta vitu. Ndipo deki na kanda za video zilipoanza kumiminika, na kila mji ukapata mtu wake mmoja maarufu: mwenye deki.

Historia haikuandika jina lake, ila mitaa inamjua. Chumba kimoja, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni. Sinema za Kichina za ngumi, za Kihindi, na kanda za mpira ambao ulishachezwa zamani. Watu walilipa kuangalia mechi ambayo matokeo yake wanayajua, na bado wakashangilia.

Mwenye deki alikuwa mtu wa hesabu. Pasipo na umeme aliwasha jenereta, na jenereta inakunywa petroli iwe chumba kimejaa au kina watu watatu. Kabla hajanunua TV kubwa zaidi alijiuliza kwanza lita ngapi zitaondoka usiku mmoja na viingilio vingapi vitazirudisha. Wengi waliofunga biashara hiyo waliangushwa na petroli. TV zao zilikuwa bado nzima.

Chogo na kibanda umiza

Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi. Mwaka 1994 vituo vikaanza kuonekana Dar es Salaam, CTN na ITV wakiwa wa mwanzo. Miaka michache baadaye Serikali nayo ikaanzisha Televisheni ya Taifa, TVT, ambayo leo ndiyo TBC.

TV za enzi hizo ndizo zinazoitwa chogo mpaka leo, kwa sababu ya kile kisogo kikubwa nyuma. Nzito kama gunia la mahindi. Inchi 21 ilikuwa heshima, na sebuleni ilifunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Lakini chogo lilikuwa na sifa mbili ambazo watu walizikumbuka baadaye sana. Kwanza, likiharibika fundi wa mtaani analifungua, anabadilisha kifaa kimoja, maisha yanaendelea. Pili, halikuchelewa. Ukibonyeza pedi, mchezaji anapiga hapohapo.

Hiyo ya pili iligeuka kuwa muhimu ilipoingia PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Huku kwetu ilikaa kwenye vibanda miaka na miaka. Waya zake tatu, wa njano, mwekundu na mweupe, ziliingia kwenye chogo bila maswali.

Basi kikazaliwa kibanda umiza. Jina linajieleza lenyewe: joto, benchi gumu, goti la mtu mgongoni mwako. Mchana gemu, jioni mpira wa Ulaya. Wanaodharau vibanda wasahau kidogo, maana ndivyo vilivyowafanya vijana wasio na TV nyumbani wajue ligi za dunia nzima.

King'amuzi na jua

Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Arusha ikafuata mwisho wa Machi 2013. Ghafla TV zilizokuwa zinaonyesha vizuri kwa antena ya kawaida zikawa mapambo mpaka uwe na king'amuzi. Kwa mara nyingine watu wakakumbushwa: kioo ni kimoja, chakula chake ni kingine.

Mwisho wa 2013 Azam TV wakaingia wakiwa na Ligi Kuu ya Bara mkononi. Kwa watu wa mbali na minara, hili lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosemwa. Mawimbi ya minara ya mjini hayavuki milima mpaka Loliondo kirahisi, lakini setilaiti haijali. Dishi likielekezwa sawasawa Oloipiri linapata picha ileile ya Kariakoo. Simba na Yanga wakafika bomani.

Kikabaki kitu kimoja: umeme. Hapo likaja jua. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 2010, Arusha ilikuwa kitovu cha kampuni za sola za kulipa kidogokidogo kwa simu. Off Grid Electric, ambayo baadaye ilijiita Zola, ilianzia hapo. Mobisol ya Ujerumani nayo ilisimika mizizi hukohuko, mpaka ilipoyumba na kuchukuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka 2019. Kifurushi kilikuwa paneli, betri, taa, na kwa mwenye uwezo, TV ndogo ya volti 12 inayochomekwa kwenye betri bila inveta.

Hizo TV ndogo ziliwafundisha wengi kitu ambacho matangazo ya madukani hayasemi. Kwenye kona ya karatasi ya maelezo kuna herufi W na namba. Hiyo namba ndogo kwa mtu wa sola ni muhimu kuliko inchi.

Kijana na ng'ombe wake

Mchukulie sasa kijana wa Oloipiri wa leo. Anataka TV ya mpira na gemu. Mzee amekubali dume moja liende mnadani. Hii siyo pesa ya mchezo: dume hilo lingekuwa ada ya mdogo wake, au akiba ya kiangazi kijacho. Na kabla ya kukubali, mzee yeyote wa boma atauliza swali moja tu: huyo ng'ombe atarudi vipi?

Historia yote hiyo ya juu inampa kijana mpangilio wa hesabu. Aanze na maji, ambayo ni umeme. TV ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 40. King'amuzi kama wati 12. Mechi pamoja na uchambuzi ni saa mbili na nusu, kwa hiyo ni kama wati-saa 130. Betri ya kawaida ya volti 12 na Ah 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini betri ya maji ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku unaiua mapema. Kwa hiyo anazo 600 za kutumia. Hizo ni mechi nne na chenji inabaki, kama paneli imejaza betri vizuri.

Gemu ndiyo mlafi. PlayStation 4 ikiwa kazini inakula kama wati 100, mara nyingine zaidi. Jumlisha TV, washkaji wakicheza saa nne mchana, 560 zimekwisha. Jioni ikifika Yanga wanaingia uwanjani na betri iko hoi. PlayStation 2 ile nyembamba inakula chini ya nusu ya hapo, ila gemu zake za mwisho za mpira zilitoka 2013, vikosi vyake ni vya zamani. Hapo kila mtu achague maumivu yake, lakini achague akiwa bado dukani.

Inveta nayo inakula. Ndiyo maana TV inayokubali volti 12 moja kwa moja inaokoa umeme kila siku. Cha kuuliza ni kama chomeko lake linakubali betri yoyote au ni ya mfumo wa kampuni moja tu, maana kampuni zinakuja na kuondoka.

Pili ni malisho, yaani matangazo. Anataka ligi gani? Ligi Kuu ya Bara na ligi za Ulaya haziko lazima kwenye king'amuzi kimoja. Dishi, king'amuzi, fundi wa kufunga na kifurushi cha kila mwezi vyote vinatoka kwenye dume lilelile. Mwenye laki tano akinunua TV ya laki tano, amenunua kioo cha kujitazamia.

Na lile neno smati? Smati bila intaneti ni TV ya kawaida yenye jina zuri. Kuangalia mechi moja kwa bando kunakula gigabaiti kadhaa, tena mtandao uwe umetulia. Sehemu ambayo simu inatafuta mnara juu ya kilima, ile hela ya kuongeza kwa ajili ya smati ingenunua betri bora.

Kioo chenyewe

Sasa ndiyo kioo. Kwa mpira adui ni ukungu wa mwendo: mpira ukipigwa unaacha mkia. Maduka hupenda kuonyesha maua na samaki wa rangi wakitembea polepole, maana hapo kila TV inang'aa. Kijana aombe kuwekewa mpira, hata kwa flashi aliyokuja nayo mfukoni, aangalie mchezaji anayekimbia pembeni na majani ya uwanja kamera inapogeuka. Namba kubwa za hezi zilizochorwa kwenye boksi zisimtishe, nyingi ni za biashara. Mpira wa kwenye king'amuzi hauzidi picha 50 kwa sekunde, na PlayStation 4 inaishia 60. Kioo cha hezi 60 cha kweli kinatosha kabisa. Hezi 120 ni mambo ya PlayStation 5, na huyo siyo mgeni wa betri moja.

Kwa gemu adui ni kuchelewa. Zilipokuja flati, waliozoea chogo walilalamika vidole vinatangulia mpira. Walikuwa sahihi: TV za kisasa hupitisha picha kwenye usafishaji kwanza, ndiyo zinaionyesha. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio na kutafuta hali ya gemu, ambayo inaruka usafishaji huo. Isipokuwepo, afadhali atafute TV nyingine.

Matundu ya nyuma nayo yahesabiwe. PlayStation 4 ina HDMI tu. PlayStation 2 inataka yale matundu matatu ya rangi, na TV nyingi mpya zimeyaondoa au zimeyafanya tundu moja linalohitaji waya wa pekee. King'amuzi kinachukua tundu, gemu inachukua tundu. TV yenye HDMI moja itakuwa ya kuchomoa na kuchomeka kila siku mpaka tundu lilegee.

Ukali wa picha? Kwa inchi 32, mtu akikaa mita mbili au tatu, HD ya kawaida haimnyimi goli. 4K kwenye kioo kidogo ni kulipia nukta ambazo jicho halizioni. Ila kama mpango ni kibanda, jambo ni lingine: watu 30 hawakai wote mbele. Asimame pembeni kabisa mwa TV dukani, aone kama rangi zinafifia. Aliyelipa mia tano yake pembeni ana haki ya kuona kadi ni ya njano au nyekundu.

Njia ya kurudi

Mwisho ni safari, na hapa ndipo wengi wamelia. Kutoka Arusha kupita Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero mpaka Loliondo kuna vumbi, mawe na makorongo. Chogo lilivumilia hizo shida. Kioo cha flati hakivumilii, na kikipasuka bei ya kioo kipya inakaribia bei ya TV nzima. Fundi anaweza kubadilisha taa za nyuma zikiungua, hiyo siyo kazi kubwa. Kioo ni habari nyingine.

Kwa hiyo iwashwe dukani kwanza, ijaribiwe kwenye rangi nyeupe tupu kuona kama kuna doa, risiti na waranti viandikwe. Halafu irudi kwenye boksi lake na maboya yake, isafiri ikiwa imesimama, isilazwe kifudifudi wala kubanwa na magunia juu ya basi. Kumlipia siti kama abiria siyo ushamba.

Akifanya hayo yote, kijana wa Oloipiri anaweza kurudi na TV ndogo kuliko aliyoiota. Inchi 32 badala ya 50, isiyo smati, na betri nzito ambayo hakuna rafiki atakayeisifia. Wenzake watamcheka wiki ya kwanza.

Wiki ya pili kuna mechi. Jua limezama, boma zima liko kwenye mabenchi, ng'ombe wamefungiwa. Mchana gemu ilizimwa saa tisa kwa amri, betri ipumzike. Dakika ya 90 picha bado iko, safi, na kiingilio kiko kwenye kopo la maziwa mlangoni. Mzee amekaa nyuma kabisa, hajui jina la mchezaji hata mmoja. Anahesabu vichwa.